Maji Yalikoma Chini ya Dari

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu, na asifiwe tena kwa kuwa nimefikia uzee huu nikiwa na paa juu ya kichwa!

Kwanza niwataje waliokuwepo, msije mkadhani nasimulia ndoto. Nilikuwepo mimi Magdalena, ingawa siku hizo sijabatizwa, nikiitwa Sijali. Mume wangu Mponda. Mama yake, Semeni, mjane wa vita vya Maji Maji. Mtoto wangu wa kwanza Tabu, aliyezaliwa kwenye njaa, ndiyo sababu ya jina lake. Na Mketo mvuvi, aliyemwoa dada yake Mponda. Hao tu. Tumebaki mimi na Tabu, naye sasa ni bibi.

Vita vilipokwisha hatukuwa na nyumba. Askari wa Mjerumani walichoma kila kilichoonekana kutoka njiani. Nyumba ya baba mkwe ilikuwa mwinukoni, ikaungua na mpunga wote ndani. Kwa hiyo Mponda alipotaka kutujengea alikuwa na wazo moja: tujifiche. Akachagua bondeni kando ya mto Lumemo, katikati ya matete. Udongo mweusi, maji karibu, moshi hauonekani. Nami nilifurahi! Nyumba yangu ya kwanza, ndugu zangu. Nilikwisha kuchagua hata pa kuweka mafiga.

Mama mkwe akaja kutazama. Hakutazama chini, alitazama miti. Kwenye panda za mikuyu palikuwa na mafungu ya nyasi kavu, juu kuliko kichwa cha mtu.

“Mwanangu, haya ni nini?”

“Viota vya ndege, mama.”

“Ndege gani hao, wote wajenge usawa mmoja kama waliopimiwa kamba?”

Mponda akacheka, akasema vita vimemtia mama woga. Mimi nilielewa. Nyasi zile zililetwa na maji ya masika yaliyopita. Lakini nilinyamaza, maana niliona mke wa juzi hawezi kumkosoa mume. Ukimya ule nimeuungama baadaye.

Mama mkwe hakugombana. “Haya, jenga. Ila dari langu la mpunga liwe juu ya hivyo viota vyako, na nguzo zake zibebe watu wakicheza ngoma.” Mponda alinung'unika, akaenda kukata nguzo nene, siku tatu nzima anazibeba begani.

Masika yakaja. Mponda alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya Boma kwenda Mahenge. Asubuhi moja napepeta mpunga, nikaona kuku wanapanda juu ya kinu. Nilipogeuka, maji yalikuwa yamekwisha kupita mlangoni. Kufumba na kufumbua yako magotini! Nikamfunga Tabu mgongoni, nikamsukuma mama mkwe juu, nami nikapanda darini.

Tulisikia udongo wa kuta ukimomonyoka, vipande vikianguka majini. Zikabaki nguzo, paa na sisi. Siku mbili tulitafuna mpunga mbichi. Mama mkwe alilala kifudifudi akipima maji kwa mkono wake: kwanza hayafikii, kisha anayagusa kwa mkono ulionyooshwa wote, kisha yanamfika kiwiko.

Sala sikujua. Niliwahi kuwasikia watu wa misheni wakisema, “Baba yetu uliye mbinguni.” Yanayofuata sikuyajua. Nikasema hayohayo, nikarudia, nikarudia.

“Huyo Baba yako ana mtumbwi?” mama mkwe akauliza.

“Sijui, mama.”

“Basi mwulize vizuri.”

Ndugu zangu! Maji yalikoma kiganja kimoja chini ya dari! Nikachungulia kwenye paa: nyasi mpya zimenasa kwenye panda zilezile za mikuyu. Na alasiri ya pili tukasikia kafi likigonga nguzo. Alikuwa Mketo, na mbele yake Mponda, amekimbia kutoka Mahenge aliposikia bonde limefurika, anamwita mama yake kama mtoto.

Mama mkwe akanitazama. “Kumbe anao,” akasema.

Mponda alimpokea Tabu, akalia. Kisha akasema, “Mama, viota vimelowa.”

“Na ndege wako nusura wafe. Tushushe.”

Tulijenga upya Katindiuka, katikati ya vichuguu, kwa kuwa mchwa hajengi mahali maji yanapolala. Humo niliishi mpaka Tabu akaolewa. Nilikwenda mafundisho nikajifunza sala yote, na herufi hizi ninazoandika. Mama mkwe naye alibatizwa. Alisema anataka kumshukuru mwenye mtumbwi.

Basi ninyi mnaojenga mara ya kwanza, kabla ya kuchimba shimo la nguzo tazameni miti. Waulizeni walioona masika mengi. Hofu ya jana isikuchagulie kiwanja. Sisi tulikimbia moto tukaenda kulala mtoni. Nawe mke wa juzi, ukiona jambo, sema! Na ukiwa umekosea tayari, maji yako magotini, mwite Mungu kwa maneno uliyonayo, hata kama ni nusu ya sala. Mimi alinisikia.

Nimezeeka. Tabu anasema zilikuwa siku tatu darini, ingawa yeye alikuwa mgongoni. Kama nimekosea siku, au jina la mtu, nawaomba mnisahihishe bila kuona haya. Ila kile kiganja kimoja msinisahihishe. Nilikiona.