Taa za Treni ya Caleb Okari

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Isebania, na nyinyi mliotoka Homa Bay asubuhi hii na vumbi bado liko kwenye viatu, poleni sana, anayesimama mbele yenu ni Scovia, dada wa marehemu, naye anasoma karatasi iliyoandikwa jana na Priscah, mke wa marehemu, mama Irine, yule aliyekaa kiti cha mbele na mtoto mapajani, ambaye anaogopa, na aliomba hilo lisisomwe, lakini Scovia amelisoma.

Caleb Okari alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 hapa hapa Isebania, mtoto wa pili wa marehemu mzee Ongeri Okari na mama Bitutu, akimfuata Omanga, akifuatwa na Scovia. Baba yao alikuwa mhudumu wa mabehewa katika treni ya Kisumu kwenda Nairobi, na Desemba 1995 alimchukua Caleb safari moja, moja tu, watoto wengine wangeangalia nje lakini huyu aliangalia taa, na mpaka amekuwa mtu mzima alikuwa akisema mwanga ule ulikuwa na rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, siyo la gredi lenye kiini kilichopauka, na kwamba kila mtu ndani ya behewa alionekana kama mtu ambaye amekula akashiba.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani kuanzia 1995 hadi 2002, sekondari Migori akamaliza kidato cha nne mwaka 2006, kisha akasomea umeme Homa Bay miaka miwili, na Februari 2010 akafungua kibanda chake karibu na ziwa, akitengeneza taa za kuvulia omena, zile nyeupe, kali, zinazochoma macho, ndizo zilizomlisha na kumvisha, na hakuzipenda hata siku moja.

Tarehe 23 Agosti 2020, wakati wa barakoa, alimwoa Priscah Bochaberi kutoka Ntimaru mbele ya watu kumi na watano, na tarehe 2 Septemba 2021 wakapata Irine, mtoto wao wa pekee.

Treni yake ya mfano, ya kuiga ile ya baba yake, aliianza mwaka 2019 kwa mabati na mbao laini, injini moja na mabehewa sita, ndefu kama meza ya kulia chakula, na kazi ya mabati ilimchukua mwaka mmoja lakini taa zilimchukua miaka minne, wengine hapa walimcheka kwa hilo, kwa hiyo leo mtaelezwa. Globu ya zamani ukiipunguzia umeme inazidi kuwa nyekundu, inapata joto la macho, lakini LED ukiipunguzia inafifia tu na rangi yake inabaki vile vile, kwa hiyo huwezi kununua nyeupe halafu ukaidanganya, lazima uchague rangi tangu mwanzo. Caleb alizipaka zile nyeupe maji ya majani ya chai, akazipaka rangi ya kucha ya mke wake, akapata kijani kama cha mgonjwa, akaacha, akaanza kuagiza zile zilizoandikwa 2700, namba ya mwanga wa manjano, na hata hizo zenyewe hazifanani, akawa anaweka mkono wa Irine chini ya kila moja na kumwambia mke wake, "Angalia ngozi ya mtoto, mama Irine, ikionekana kama ya maiti hiyo siyo, weka kando." Ndani ya madirisha akabandika karatasi ya kufungia mkate ili nukta za taa zisionekane, behewa la daraja la tatu akalififisha kuliko la daraja la kwanza kwa sababu ndivyo ilivyokuwa treni ya baba, na Sammy, mwenye boti za omena, ambaye yuko hapa leo, akija kuchukua taa zake alikuwa akimwambia, "Omera fundi, treni yako imeshikwa na homa ya manjano," naye Caleb anamjibu, "Na wewe boti yako inafanana na chumba cha upasuaji," wanacheka mpaka majirani wanatoka.

Juni 2024 figo zilianza kukataa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki kule Homa Bay, na Oktoba akalazwa siku kumi na sita. Katika siku hizo kaka yake Omanga alikwenda kwenye kibanda akiwa na Bwana Jeff, mwenye nyumba ya wageni kisiwani Takawiri, aliyetaka treni ya kuweka sebuleni, Omanga akabonyeza swichi, taa zikawaka manjano, na Bwana Jeff akasema, "Hizi si zimeisha betri?" kwa sababu huku kwetu taa ya sola ikiwa ya manjano inakufa na ikiwa nyeupe ni mpya, kila mtu anajua hivyo. Omanga hakumuuliza mgonjwa, hakumuuliza mama Irine aliyekuwa hospitalini akiosha mgongo wa mgonjwa, alizing'oa zote, akazichoma na takataka, akaweka zile za omena. Caleb aliporudi akaiwasha, akasema, "Omanga, umenifanyia treni kuwa duka la simu," na Omanga akamjibu, "Ndugu yangu, nimekuwekea mpya, badala ya asante unanitukana?" na pengine hata leo anaamini alisaidia.

Kuanzia hapo Caleb hakuwa na kitu kingine cha kutaka ila kuirudisha ilivyokuwa, anachagua yeye, anachomelea mke wake, na alimaliza mabehewa mawili kati ya sita, na Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi, akafariki.

Juzi jikoni mama Irine aliambiwa kwamba treni imeshaahidiwa Bwana Jeff, kwamba mtoto wa kike hana la kufanya na treni, na kwamba akileta maneno kwenye kilio atarudi Ntimaru na mfuko wake. Basi maneno ni haya, ameyaandika kwa sababu kuyasema alishindwa. Caleb alisema mbele ya mchungaji, tarehe 2 Machi, kwamba treni na vifaa vyote vya kibanda ni vya Irine, mchungaji yuko hapa, aulizwe. Bwana Jeff, umekuja na pickup na godoro la kufungia, pole kwa safari, utarudi na godoro lako.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Homa Bay, hawakuchoka, jirani Rispa aliyelala na mtoto wiki nzima, mafundi na watu wa boti waliosimamisha kazi siku tatu, na Omanga aliyeleta gari la mwili, hilo tunakushukuru, hilo tu.

Baba Irine, lala, umechoka. Mabehewa manne bado ni meupe, mama Irine ataanza la tatu Jumatatu, na mkono wa kupimia anao.