Shangazi na Mche Mmoja wa Uwanda wa Juu

Ijumaa ijayo, tarehe thelathini Juni, Shangazi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukagua magugu vamizi kwenye njia za wapanda mlima. Ana jina lake rasmi, ila siku hizi hata masijala hulisahau. Hili la Shangazi alipewa na madereva mwaka wake wa kwanza, kwa sababu alikuwa akiwakagua soksi zisiwe na mbegu kabla hawajapanda mlima, kama watoto wanaokaguliwa kucha kabla ya kwenda shule.

Alianza kama karani wa muda. Enzi hizo idara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lisilofunga, meza mbili, na mashine ya chapa iliyong'oka herufi M. Kwa ofisi ya magugu ya mlimani, huo ulikuwa mtihani. Barua zilitoka zikisema "agugu vaizi", naye akikaa na kalamu kuongeza M moja moja hadi saa ya kutoka. Tulicheka sana katika chumba kile, na nakikumbuka kwa hamu kuliko ofisi hii mpya yenye vigae.

Njiani alikuwa na utaratibu wake. Kila hatua hamsini alisimama, akachungulia kulia na kushoto, akaandika alichokiona. Pasipo na gugu aliandika sifuri. Ole wako umpelekee fomu yenye nafasi wazi. Alikurudisha mlimani, maana nafasi wazi, alisema, haielezi kama hukuona kitu au hukufika. Mimi mchora ramani nilirudishwa mara mbili, na mara ya pili mvua ilikuwa inanyesha.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, ilitokana na kosa. Miaka kumi na miwili iliyopita, gugu la maua ya njano lilizuka Uwanda wa Juu, mahali ambapo halikuwahi kuota. Wakubwa wakawalaumu wageni. Shangazi aliichukua ramani yangu, akaitazama. Magugu yalikuwa yameota pale pale tulipozoea kukaa kula chakula cha mchana. Mbegu tulizipandisha wenyewe, kwenye mikunjo ya suruali na soksi za sisi wakaguzi, ambazo hakuna aliyezikagua. Akaandika ripoti, akaipa kichwa "Kikulacho Ki Nguoni Mwetu", na katika orodha ya waliohusika akaanza na jina lake. Mkuu wa wakati ule alimwomba abadilishe kichwa. Alikataa kwa adabu, akahamishiwa stoo miezi minne.

Tangu hapo amepanda kila mwaka kung'oa. Kanuni yetu ni kwamba eneo huhesabiwa limepona ikipita miaka mitatu mfululizo bila mche hata mmoja. Mwaka juzi sifuri. Mwaka jana sifuri. Ukabaki huu. Magoti yamechoka na daktari alishamkanya, lakini alisema aliyeupeleka ugonjwa ndiye anayepaswa kuuona ukiisha. Mkuu wetu wa sasa, kwa furaha yake, akaagiza kibao cha kutangaza uwanda umepona, kizinduliwe siku ya kumuaga.

Tulipanda wiki iliyopita, yeye na mimi tu. Siku mbili nzima hatukuona kitu. Kituo cha mwisho kabisa, chini ya jiwe, palikuwa na mche mmoja wa urefu wa kidole, haujatoa hata ua. Aliung'oa na mizizi yake. Nakiri hapa mbele yenu: nilimwambia kwamba tuko wawili tu, na mlima hauna mdomo. Alinitazama bila hasira, akaniomba kalamu kwa kuwa yake iligoma kwa baridi, akaandika moja. Wakati wa kushuka alilia kidogo kidogo, nami nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Ndiyo maana kwenye sherehe hamtaona kibao. Kimewekwa stoo, kimefunikwa gunia, na msimulizi wenu bado ana aibu.

Shangazi, asante kwa yote uliyotufundisha, kwa maneno na bila maneno. Kapumzike, magoti yapate nafuu, wajukuu wakufaidi. Hesabu ya miaka mitatu tunaianza upya bila wewe, na kila mwaka tutakuletea fomu nyumbani uisome mwenyewe, iwe na habari njema au mbaya.