Makokha Alifunga Kufuli

Watu wa mtaa wetu wa Jericho, na nyinyi mliotoka kiwandani, kaeni, nimepewa mimi nyanya yake nisome kwa sababu wengine wanalia, mimi nitalia nikifika nyumbani.

Marehemu Nickson Makokha alizaliwa tarehe 12 Machi 1993, hapa hapa Jericho, kwa mikono yangu, mamake akiniuma bega, akatoka akirusha ngumi, na ngumi hizo zikamfukuzisha shule mbili kabla hajamaliza kidato cha nne mwaka wa 2011. Tusidanganyane ati alikuwa malaika, Wandera yuko hapo nyuma na pengo lake la meno.

Alianza kwa kuchinja mbuzi Kiamaiko, jioni akisomea mitambo, na mwaka wa 2019 akaandikwa kiwanda cha mitungi ya gesi, Industrial Area, ambako kuna roboti, mikono minne ya chuma kwa kazi moja, miwili inashika mtungi, mmoja unachomelea, wa nne unabeba na kupanga, na yeye ndiye aliyeipangia zamu, mmoja usiingie kabla mwingine haujatoka. Aliniambia ni Kiamaiko tu, ukiruka zamu kisu kinakula mkono wa jirani.

Alimwoa Millicent tarehe 5 Desemba 2020, wakajaliwa Tiffany, naye ameshaanza kurusha ngumi.

Kuhusu ugonjwa, hakuugua. Tarehe 9 Septemba 2025, asubuhi, mkono mmoja wa roboti ulikwama, Makokha akazima umeme, akafunga swichi kwa kufuli yake, ufunguo akautia mfukoni, akaingia ndani ya uzio, maana sheria yao ni kwamba kufuli ya mtu ikiwa hapo hakuna kuwasha mpaka aitoe mwenyewe. Lakini wenzake walikuwa na mchezo wa kuacha kufuli zikining'inia wakienda chai, ili mashine nayo ikae, kwa hivyo msimamizi wao, Bwana Mureithi, alipoiona alisema huyo naye yuko chai, akaikata kwa mkasi wa kukatia vyuma, akawasha. Mikono ilifanya ilivyofundishwa, miwili ikamshika, mmoja ukamchomelea, wa nne ukambeba, ukampanga na mitungi.

Kampuni imetuletea jeneza zuri, ikaniomba nisome kwamba aliingia bila kufunga. Triza, wa zamu yake, aliokota kufuli kwenye pipa la taka akaniletea, mochari wakanipa suruali, ufunguo ulikuwa mfukoni, nikaujaribu, ukazunguka. Kufuli yenyewe ndiyo hii. Bwana Mureithi, usiangalie viatu, angalia mkono wangu.

Tunawashukuru madaktari waliomshona hata Millicent akaweza kumtazama uso, majirani waliotupikia, Wandera aliyesahau meno yake akabeba jeneza, na wafanyakazi wenzake, ambao nasikia siku hizi wakienda chai wanaenda na kufuli zao.

Pumzika, Makokha, ufunguo ninao mimi.