Tadeusz Wolny na Sinia za Milango Tisa (1954–1991)

Tadeusz Marek Wolny alizaliwa Buffalo, jimbo la New York, tarehe 14 Novemba 1954, mtoto wa pili wa marehemu Marek, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, na Bi Stefania. Alisoma shule ya parokia, ambako masista waliandika kwenye ripoti yake kwamba anatazama watu mno. Hakujirekebisha.

Mwaka 1973 alihamia jiji la New York, akasomea filamu, kisha akajipatia riziki kwa kurekodi harusi. Bibi arusi mmoja alilalamika kwamba shangazi aliyenyimwa kiti ameonekana kwenye mkanda mara nne. Kuanzia 1987 kamera hiyohiyo aliipeleka kwenye maandamano ya wagonjwa wa UKIMWI waliodai dawa. Polisi walisema hawakumgusa mtu; mkanda wake ulisema vingine, na mahakama ikawaachia waandamanaji kumi na wawili.

Hakufunga ndoa, kwa kuwa hapakuwa na ofisi ya kuwafungisha. Aliishi miaka kumi na miwili na mwanamume mwenzake, Orrin Bellamy, fundi wa piano, ambaye kila Krismasi familia ilimtambulisha kwa wageni kama mpangaji mwenzake.

Aliugua mwaka 1989. Dada yake Halina, anayesoma wasifu huu, aliwaambia majirani kuwa ni saratani. Ulikuwa UKIMWI. Halina anawaomba radhi wote waliomwombea mdogo wake apone ugonjwa usio wake.

Januari 1991 alilazwa hospitalini, kwenye wodi ya wagonjwa wa UKIMWI. Wahudumu waliogopa kuingia vyumbani, wakawa wanaacha sinia za chakula sakafuni, nje ya mlango. Asiyeweza kusimama alishinda njaa. Hospitali ilikanusha. Tadeusz, aliyekuwa hawezi tena kusimama, akamwomba Halina arekodi sinia yake. Jumatano tarehe 6 Februari Halina alikuja na kamera ikining'inia mkononi, akafika mlangoni, akalenga kwa makini, akabonyeza. Kumbe kamera ilikuwa ikirekodi tangu kwenye lifti, na pale ndipo alipoizima. Walipoutazama mkanda, waliona viatu vyake vikitembea, basi.

“Dada, viatu umevipata kweli,” Tadeusz alisema.

“Usinichokoze. Nilikwambia vidude hivi sivijui.”

“Hebu rudisha nyuma. Achana na viatu, tazama sakafu.”

Kando ya viatu zilipita sinia, moja baada ya nyingine, mbele ya milango tisa, zote zimejaa chakula. Kwenye kona ya picha kamera iliandika saa tisa kasorobo. Chakula cha mchana kiliwekwa pale saa sita.

“Hiyo ndiyo filamu, dada. Asikate mtu hata kipande.”

Tarehe 15 mkanda ulionyeshwa mbele ya wakuu wa hospitali. Msemaji wao alieleza kwamba sinia zilikuwa zikisubiri kukusanywa. Hata hivyo, Jumatatu tarehe 18 chakula kilianza kufikishwa vitandani. Tadeusz aliletewa supu. Alikuwa hawezi tena kumeza.

Alifariki kesho yake, akiwa na miaka thelathini na sita. Nyumba tatu za kuandaa maiti, zilipotajiwa ugonjwa, zilisema zimejaa.

Ameacha mwenzi wake Orrin, mama yake, na dada yake. Mkanda ule, wa dakika nne, utaonyeshwa ukumbini baada ya mazishi, kabla ya chakula. Kisha kila mtu ataletewa sahani yake mpaka mezani, na Tadeusz aachwe apumzike kwa amani.