Kwa Nini Mzee Ezron Halinga Halazwi Kando ya Mkewe

Ndugu zetu wa Isansa na Igamba, jamaa mliotoka Tunduma na ng'ambo ya mpaka, wazee wa kanisa, poleni kwa safari na poleni kwa baridi hii. Mimi ni Nikodemo, mwana wa kwanza wa marehemu. Tangu asubuhi nasikia mkiulizana kwa nini kaburi limechimbwa huku juu, kupita shamba la mibuni, peke yake, wakati mama yetu Tabita amelala nyuma ya nyumba na nafasi ya mumewe iko wazi. Wengine mmeuliza kwa sauti ya chini zaidi, maana kwetu anayezikwa mbali na watu wake hudhaniwa ana jambo. Nitajibu. Ila kwanza nisome maisha yake kwa mpangilio, kama alivyoniagiza. Ninaogopa, na sababu yake mtaijua.

Marehemu alizaliwa Msangano. Mwaka haukuandikwa, lakini walipombatiza walikadiria kuwa ni 1880. Akiwa bado mdogo, simba alimchukua dada yake kwenye shamba la ulezi, mchana kweupe, na wazazi wakahama bonde wakapanda huku Isansa. Toka siku hiyo baba akawa mtu wa kuogopa. Silifichi, maana mlimtania kwa hilo maisha yake yote. Aliogopa mito, radi, moto wa kiangazi na mbwa asiyebweka. Kila jioni alituhesabu watoto wake kwa kutugusa kichwani mmoja mmoja, hata tulipokwisha kuota ndevu.

Shule aliianza mwaka 1906, mtu mzima, akikaa benchi moja na watoto wadogo. Alisema anaogopa barua yake isomwe na mdomo wa mtu mwingine. Baada ya miaka mitatu alisoma Injili bila kukwama.

Mwaka 1910 alimwoa Tabita, binti wa Igamba. Kijito kilikuwa kimejaa, kwa hiyo bwana arusi alizunguka njia ya siku mbili badala ya kuvuka, na bibi arusi, aliyechoka kungoja akatoka kumtafuta, akamkuta akila kwa shemeji yake hana habari. Mama alimcheka kwa hilo miaka thelathini na minane. Mungu aliwapa watoto sita, akawachukua wawili.

Katika vita ya Wajerumani na Waingereza baba alikuwa mpagazi. Wengi waliobeba mizigo pamoja naye hawakurudi. Alipoulizwa yeye alirudije, alijibu, "Niliogopa kuliko wao." Kisha alilima mahindi na ulezi, na baadaye akawa miongoni mwa watu wa kwanza hapa kupanda kahawa. Kila mwaka kabla ya mvua alipita nyumba kwa nyumba kuwaita watu watengeneze daraja la magogo, kwa hofu ya watoto wanaovuka kijito. Mlilalamika, lakini mlikwenda. Hakuna mtoto wa Isansa aliyezama pale.

Sasa nifike mwaka 1934. Nzige walikuwa wamekula kila kitu, na mwezi wa Januari tunutu, yaani makinda yao wasio na mabawa, wakaanza kuruka ardhini. Serikali ikaleta magunia ya pumba zilizochanganywa na sumu, za kuwamwagia hao tunutu. Mwene, chifu wetu, akatafuta mtu wa kuyatunza. Wengine walimkataa baba kwa sababu ya woga wake. Mwene akawaambia, "Nimpe nani? Shujaa ataonja. Mpeni Ezron, huyu anaogopa." Bwana aliyesimamia kazi ile alihamia sehemu nyingine, akayaacha magunia kumi kwenye ghala letu akisema atarudi. Hakurudi.

Mnakumbuka njaa ile. Tulichimba mizizi michungu msituni, tukailoweka kijitoni siku mbili tatu mpaka sumu itoke, tukaisaga. Wote tulifanya hivyo na wote tulipona. Kwa hiyo watu walipoona pumba zimekaa ghalani, wakawaza kwamba nazo zikilowekwa zitasafika. Baba aliwaambia dawa ya kizungu haitoki kwa maji. Walimwona mchoyo.

Asubuhi moja mwezi wa Februari alihesabu magunia akakuta tisa. Mimi nilikuwepo. Alishika ukuta, akasema, "Nikodemo, kuna watu watakufa leo," na akatoka mbio. Aliingia nyumba ya kwanza, akafunua chungu, akanusa, akatoka. Ya pili hivyo hivyo. Ndugu zangu, mwaka wa njaa, mtu mzima kuchungulia vyungu vya watu! Hakupiga hodi, hakusalimia, wala hakueleza, maana angesema ni sumu, aliyeiba angekimbia na chungu chake msituni. Siku hiyo mlimpa jina la Mchungulia Vyungu, na jana hapa kwenye matanga nimelisikia tena.

Nyumba ya saba ilikuwa ya Watson na Mama Ruti. Mama Ruti yuko hapa. Nilimwendea jana nikamwambia sitamtaja. Akanijibu, "Nitaje, mwanangu. Nimechoka kuwa mtu mwema kwa gharama ya jina la baba yako." Alikuwa ameziloweka zile pumba siku mbili, akapika uji, na watoto wake wanne walikuwa wamekaa wakiupuliza upoe. Baba aliupiga chungu teke. Watson alimpiga kwa fimbo mpaka fimbo ikavunjika, na baba hakujikinga, alikuwa amepiga magoti akiufukia uji kwa mikono yake. Hakuumaliza wote. Kesho yake kuku kumi na mmoja wa nyumba ile walikutwa wamekufa uani.

Watson alikuja kwetu akalia. Baba alimkataza kusema, asije Mama Ruti akashtakiwa kwa wizi. Kisha yeye na mama wakachimba shimo, siku tatu, wakayafukia magunia tisa na mabaki ya lile la kumi. Hawakumwonyesha mtu mahali, wakijua kuwa mwenye njaa angeyafukua.

Shimo hilo ni hapa. Lipo hatua nne kutoka nilipokanyaga, kuelekea kichuguu kile. Miaka ishirini na moja mlimwona akifukuza mbuzi mahali hapa, mkasema anafuga uchawi wake. Mimi mwenyewe alinichapa hapa mara moja tu maishani, kwa kuchomeka jembe. Mama alifariki mwaka 1948 bila kutamka neno.

Ugonjwa wa kifua ulimpata baba mwezi wa Mei mwaka huu. Juma lililopita aliniita, akanieleza yote. Nikasema, "Baba, pumba zimekwisha kuoza." Akasema, "Pumba ndiyo. Dawa haiozi. Nikifa mtagawana shamba, na kipande hiki kitalimwa. Nizikeni pale. Watu hawapigi jembe penye kaburi." Nikamuuliza, na mama je? Machozi yakamtoka. "Tabita alilichimba pamoja nami," akasema. "Ataelewa." Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Julai 1955, saa tisa alasiri, baada ya kutugusa kichwani sote wanne.

Leo tangu alfajiri nimesimama hapa nikitazama kila jembe linaposhuka. Waliochimba kaburi ni wale watoto wanne wa Mama Ruti. Walianzia kwenye kijiti alichokisimika baba, na hawakujua kwa nini niliwazuia kusogea hata hatua moja. Sasa mnajua, ndugu zangu.

Marehemu ameacha watoto wanne: mimi, Boazi, Ferista na Marita, wajukuu kumi na tisa, na vitukuu watatu. Kwao na kwenu nyote naomba hivi: kutoka kaburi hili hadi kichuguuni asilime mtu, asichimbe mtu, asifunge mbuzi. Waambieni watoto wenu, nao wawaambie wa kwao.

Pumzika sasa, baba. Kuanzia leo tutaogopa sisi.