Dagaa Wangu Kwenye Njia ya Watu

Wazee wangu shikamooni, nanyi wengine habari za jioni. Nisikilizeni taratibu, maana sehemu ya habari hii inanitia aibu.

Mnakumbuka njia ya waenda kwa miguu ilipojengwa hapa kwetu Igogo, pembeni ya barabara? Sisi wauza dagaa tulisema tumejengewa jamvi. Saruji laini, inashika joto, haina mchanga! Wa kwanza kuanika pale nilikuwa mimi. Wiki haikuisha, wenzangu nao wakatandaza mpaka kwenye kona. Watu wakawa wanapita barabarani. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, akaniuliza, "Mwanangu, sisi tupite wapi?"

Nikamjibu, "Ruka kidogo, mama, mbona bado msichana!"

Tulicheka sana. Yeye hakucheka.

Basi, asubuhi moja natoka mwaloni, kule boti zinakoshusha dagaa, na beseni kichwani. Nikakuta dagaa wa mwenzangu, nikashuka barabarani kuwakwepa. Pikipiki ikanikuta hapo hapo. Mguu ukavunjika.

Plasta ilipotolewa, daktari akanionya: "Tembea kila siku. Usipotembea, mguu utakakamaa hivyo hivyo." Ndugu zangu, nawaambia, nilitoka mlangoni na magongo yangu, nikasimama. Mbele yangu dagaa. Wa nani? Wangu! Binti yangu amewatandaza juu ya wavu kama nilivyomfundisha. Na magongo hayaruki.

Nikalia. Aliyenikuta ni yule yule mama. Angeweza kuniambia niruke kidogo. Badala yake aliinama, akakunja wavu wenye dagaa, akanishika kiwiko. "Twende mpaka nguzo ile. Kesho tutaongeza."

Jioni aliwaita ninyi majirani. Mkaja na miti na nyavu kuukuu, mkatujengea vichanja kule juu kwenye mawe, penye jua na upepo. Wauzaji wenzangu mkahamisha dagaa wenu wenyewe, bila mgambo kumfukuza mtu.

Leo nimekuja hapa bila gongo. Njiani nimepishana na watoto wa shule na mzee mmoja asiyeona, na hakuna aliyeshuka barabarani. Asanteni. Mama, asante kwa kiwiko changu.

Mimi sikuwa na ubaya na mtu. Nilikuwa natafuta riziki tu, na bado niliwatoa watu njiani. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujapanga biashara yako, tembea mbele ya nyumba yako mwanzo hadi mwisho. Ukijikuta umeshuka barabarani, kiondoe kilichokushusha.