Hiram Kang'ethe wa Waithaka, Aliyepiga Nduru Bahati

Wapendwa, jamaa wamenituma niwasomee maisha ya ndugu yangu mdogo, Hiram Kang'ethe wa Waithaka, aliyezaliwa Githunguri tarehe 3 Machi 1908, akaletwa hapa Bahati, karibu na Nakuru, na wazazi wetu mwaka wa 1914, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaanza kukamua ng'ombe wa Mzungu mwaka wa 1925, akawa nyapara mwaka wa 1946. Alimwoa Wariara kanisani Nakuru tarehe 12 Desemba 1931, Mungu akawapa watoto watatu, Waithaka, Wangu na Wangeci.

Vita vya msituni vilipotulia hatukupata amani, kwani bunduki za kienyeji zilizoundwa kwa mabomba ya maji zilibaki mikononi mwa wezi, askari walikuwa wanane kwa mashamba arobaini, na mtu akipiga nduru ya kuomba msaada hakuna aliyetoka, maana Hali ya Hatari ilipokuwa kali aliyetoka alipigwa risasi.

Jumamosi, tarehe 23 Agosti 1958, saa nane mchana, wanaume watatu wenye makoti ya serikali waliingia dukani kwa Wangare wakadai sukari, nasi tuliozoea kutii kila koti tukainua mikono, mimi nikiwa wa kwanza, lakini Kang'ethe akacheka, akatuuliza: "Wazee, serikali gani hii inayotaka sukari kabla ya kutaka kipande cha utambulisho?"

Akapiga nduru! Risasi ikamkosa, panga likamkata bega, akazidi kupiga, na milango ikafunguka, wapendwa, milango ya Bahati ikafunguka, watu wakamiminika kutoka kila kambi ya wafanyakazi, Chemutai mkamuaji akiwa mbele na ndoo yake, wezi wakaangushwa chini!

Watu walipookota mawe wawaue, Kang'ethe alisimama juu ya wale wezi.

"Hapana. Hawa wataenda kortini."

"Na nani atasema kortini?" akauliza Wangare. "Wenzao si watatuchinja?"

"Mimi nitasema, mama. Wewe utanifuata."

Akatembea maili kumi na moja hadi kituo cha polisi Nakuru akivuja damu, na tarehe 6 Oktoba mashahidi kumi na tisa wakasimama mbele ya hakimu, pale ambapo zamani hakusimama hata mmoja, nami nilikuwa wa kumi na tisa. Wezi walifungwa. Tangu hapo nduru imelia mara nne, na mara zote nne watu wametoka.

Mwezi wa Juni mwaka huu aliugua mapafu, akafariki hospitalini Nakuru Jumapili, tarehe 8 Novemba 1959, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari, majirani, wakamuaji wenzake, na mashahidi wote.

Kang'ethe, pumzika kwa amani, nduru ikilia tutatoka.